Ufunguo msingi unaojizalisha wenyewe: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa anayeanza

Maswali ni yale yale kila mara. "Nimefuta rekodi ya 7, mbona mpya imepewa 12?" "Nitajuaje namba aliyopewa mwanachama niliyemwingiza sasa hivi?" "Nimehamisha data kutoka mfumo wa zamani, sasa kila nikiongeza rekodi naambiwa imejirudia." Majibu yake nimeyaweka hapa pamoja, kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, ili jedwali lako la kwanza ulijenge sawasawa.

Kabla ya amri yoyote, shika jambo moja: ufunguo msingi (primary key), yaani namba ambayo hifadhidata inaipa kila rekodi yenyewe, kazi yake ni kuitambulisha rekodi, basi. Haihesabu rekodi, haisemi nani alitangulia, wala si namba ya uanachama ya kuchapisha kwenye kadi. Karibu kila tatizo utakalokutana nalo huko chini limetokana na mtu kuipa namba hii kazi ya pili.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- PostgreSQL toleo la 10 au zaidi, MySQL 8.0 (au MariaDB), au SQLite. Mifano mingi itazihusu hizo tatu. SQL Server nitaigusa pale inapotofautiana.
- Kujua toleo lako hasa. Kwenye PostgreSQL na MySQL andika `SELECT version();` na kwenye SQLite `SELECT sqlite_version();`. Mambo kadhaa humu yanabadilika kwa toleo, kwa hiyo usikisie.
- Hifadhidata ya majaribio ambayo ikiharibika hakuna anayeumia, pamoja na ruhusa ya kuunda majedwali ndani yake.
- Uwezo wa kuandika INSERT, SELECT na DELETE za kawaida.
- Madirisha mawili ya kuandikia amri, yote yameunganishwa kwenye hifadhidata hiyo moja. Utayahitaji hatua ya 4.

Mfano wetu ni chama chenye wanachama wanaotoa michango. Majedwali mawili tu.

Hatua ya 1: Chagua aina ya namba

Tumia BIGINT. INT ya kawaida inachukua baiti 4 na kikomo chake ni 2,147,483,647. BIGINT inachukua baiti 8 na inafika 9,223,372,036,854,775,807. Bilioni mbili zinaonekana nyingi kwa orodha ya wanachama, lakini jedwali la kumbukumbu za matukio au vipimo vya mashine hufika huko, na kubadilisha aina ya safu (column) kwenye jedwali lililojaa ni kazi ya kusimamisha mfumo. Baiti 4 za ziada ni gharama ndogo ukilinganisha na usiku huo. Kwenye SQLite huna la kuchagua, namba ni ya biti 64 tayari.

Onyo: usitumie jina, barua pepe au namba ya simu kuwa ufunguo msingi. Watu hubadilisha vitu hivyo, na ufunguo ukibadilika inabidi ubadilishwe kwenye kila jedwali linaloutaja. Taarifa hizo ziwekee sharti la UNIQUE ili zisijirudie, kisha ufunguo uwe namba isiyo na maana yoyote nje ya hifadhidata.

Hatua ya 2: Unda jedwali

PostgreSQL:

```
CREATE TABLE wanachama (
  id    BIGINT GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  jina  TEXT NOT NULL,
  kadi  TEXT NOT NULL UNIQUE
);
```

MySQL na MariaDB:

```
CREATE TABLE wanachama (
  id    BIGINT NOT NULL AUTO_INCREMENT PRIMARY KEY,
  jina  VARCHAR(120) NOT NULL,
  kadi  VARCHAR(20) NOT NULL UNIQUE
);
```

SQLite:

```
CREATE TABLE wanachama (
  id    INTEGER PRIMARY KEY,
  jina  TEXT NOT NULL,
  kadi  TEXT NOT NULL UNIQUE
);
```

Tazama safu ya `kadi`. Hiyo ndiyo namba ambayo mwanachama anaijua na kuitaja. Iko peke yake, mbali na `id`, na chama kikiamua kubadilisha mtindo wa kadi zake, `id` haiguswi.

Kwenye PostgreSQL utakutana na maelezo mengi yanayotumia SERIAL au BIGSERIAL. Bado zinafanya kazi, ila mimi sizianzishi tena kwenye jedwali jipya. GENERATED ... AS IDENTITY iko kwenye kiwango cha SQL, na neno ALWAYS lina faida kubwa kwa anayeanza: mtu akijaribu kuandika namba kwa mkono, hifadhidata inamkatalia palepale. Ukiandika BY DEFAULT badala yake, namba ya mkono inapokelewa bila neno, halafu matatizo yanajitokeza siku nyingine, kwa mtu mwingine.

Kwenye MySQL, jedwali moja linaruhusiwa safu moja tu ya AUTO_INCREMENT, na safu hiyo lazima iwe ufunguo.

Kwenye SQLite kuna mtego mdogo ambao umewapotezea wengi muda. Neno ni INTEGER kamili. Ukiandika `INT PRIMARY KEY`, amri itakubaliwa, jedwali litaundwa, lakini safu haitajijaza: rekodi zako zitaingia zikiwa na `id` tupu. Na je, uongeze neno AUTOINCREMENT? Bila neno hilo, ukifuta rekodi yenye namba kubwa kuliko zote, rekodi inayofuata inaweza kupewa namba ileile. Ukiliweka, SQLite inakumbuka namba kubwa iliyowahi kutolewa (inaitunza kwenye jedwali lake la `sqlite_sequence`) na hairudii. Kama namba zako zinatoka nje ya hifadhidata, kwa mfano zinatumwa kwa mfumo mwingine, liweke. Kama hazitoki, si lazima.

Hatua ya 3: Ingiza rekodi bila kutaja id

```
INSERT INTO wanachama (jina, kadi) VALUES ('Asha', 'K-001');
INSERT INTO wanachama (jina, kadi) VALUES ('Juma', 'K-002');
SELECT * FROM wanachama;
```

Utaona 1 na 2. Orodhesha majina ya safu kila mara, kama hapo juu. Ukiyaacha na kuandika `INSERT INTO wanachama VALUES (...)`, utalazimika kuweka kitu kwenye nafasi ya `id`, na hapo ndipo watu huanza kubuni namba.

Onyo kwa wa MySQL: ukiweka NULL au 0 kwenye `id`, MySQL kwa kawaida inazalisha namba mpya. Lakini ukiweka namba nyingine yoyote inaichukua kama ilivyo, na ikiwa kubwa kuliko zilizopo, kihesabio (kinachokumbuka namba inayofuata) kinaruka hadi hapo. Mtu akiingiza 900000 kwa kujaribu tu, mwanachama anayefuata atakuwa 900001, hata kama kabla yake walikuwa wawili.

Hatua ya 4: Iulize hifadhidata namba iliyotoa

Hapa ndipo makosa mabaya zaidi yanapotokea, kwa hiyo tukae kidogo.

Umemwingiza mwanachama, sasa unataka kuandika mchango wake. Unahitaji `id` yake. Wengi huandika hivi:

```
SELECT MAX(id) FROM wanachama;
```

Usifanye hivyo. Fungua madirisha yako mawili uone kwa nini. Tuseme namba ya mwisho ilikuwa 40.

Dirisha la kwanza: ingiza Rehema. Amepata 41.
Dirisha la pili: ingiza Salim. Amepata 42.
Dirisha la kwanza: uliza `SELECT MAX(id)`. Jibu ni 42.

Sasa dirisha la kwanza linaandika mchango wa Rehema kwa namba 42, na hela zake zimeingia kwa Salim. Hakuna ujumbe wa hitilafu, kwa sababu 42 ni mwanachama halali kabisa. Ubaya wake ni kwamba kwenye kompyuta yako halitatokea kamwe, maana uko peke yako. Litatokea mfumo ukishapata watumiaji wengi, na utaligundua pale mtu atakapokuja kulalamika.

Njia sahihi ni kuiuliza hifadhidata namba uliyopewa wewe.

PostgreSQL, ndani ya amri ileile:

```
INSERT INTO wanachama (jina, kadi)
VALUES ('Rehema', 'K-041')
RETURNING id;
```

MySQL, mara baada ya INSERT:

```
SELECT LAST_INSERT_ID();
```

SQLite ina `SELECT last_insert_rowid();` na kuanzia toleo 3.35 inakubali RETURNING pia. MariaDB inakubali RETURNING kwenye INSERT kuanzia 10.5. Kwenye SQL Server tumia `OUTPUT INSERTED.id` ndani ya INSERT, au `SCOPE_IDENTITY()` baada yake. Iepuke `@@IDENTITY`: kama jedwali lina triga (amri inayojiendesha yenyewe rekodi inapoingia) inayoandika kwenye jedwali jingine, itakurudishia namba ya hilo jingine.

Kama unaandika programu, maktaba yako tayari ina njia yake: `lastInsertId()` kwenye PDO ya PHP, `lastrowid` kwenye Python kwa SQLite na MySQL, `getGeneratedKeys()` kwenye JDBC ya Java. Zitumie hizo.

LAST_INSERT_ID() ni salama kwa sababu jibu lake ni la muunganisho wako peke yako. Wengine wakiingiza rekodi elfu moja katikati, jibu lako halibadiliki. Ila kuna mambo matatu ya kuangalia:

- Uliza kupitia muunganisho uleule ulioingiza. Programu nyingi hukodishiwa miunganisho kutoka kwenye hodhi ya pamoja (connection pool, yaani miunganisho iliyofunguliwa tayari). Ukiurudisha muunganisho baada ya INSERT kisha ukaomba mwingine wa kuulizia, unaweza kupata jibu lisilokuhusu.
- Ukiingiza rekodi kadhaa kwa INSERT moja, MySQL inakurudishia namba ya rekodi ya kwanza kati ya hizo. Wengi hudhani ni ya mwisho.
- Ukitumia INSERT IGNORE na rekodi ikapuuzwa, jibu linabaki lile la zamani. Kwa hiyo kagua kwanza ni rekodi ngapi zimeingia, ndipo uiamini namba.

Hatua ya 5: Itumie namba kwenye jedwali la pili, ndani ya muamala mmoja

```
CREATE TABLE michango (
  id             BIGINT GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  mwanachama_id  BIGINT NOT NULL,
  kiasi          NUMERIC(12,2) NOT NULL,
  tarehe         DATE NOT NULL,
  FOREIGN KEY (mwanachama_id) REFERENCES wanachama (id)
);
```

Kwa MySQL na SQLite badilisha mstari wa `id` tu, kama ulivyofanya hatua ya 2. Safu ya `mwanachama_id` iwe ya aina ileile na `id` inayoitaja: BIGINT kwa BIGINT. Sharti la FOREIGN KEY (linalozuia mchango kutaja mwanachama asiyekuwepo) nimeliandika kwenye mstari wake kwa makusudi. Ukilibana mbele ya safu kwa neno REFERENCES peke yake, MySQL kwa miaka mingi ililipokea na kulipuuza kimyakimya, ukabaki unadhani umelindwa. Na kwenye SQLite sharti hilo halisimamiwi mpaka uandike `PRAGMA foreign_keys = ON;` kila unapofungua muunganisho.

Jambo jingine linalosahaulika: PostgreSQL haikuundii faharasa (index, inayoharakisha utafutaji) kwenye `mwanachama_id`. MySQL inaiunda, PostgreSQL haiundi. Iweke mwenyewe:

```
CREATE INDEX michango_mwanachama_idx ON michango (mwanachama_id);
```

Sasa ingiza mwanachama na mchango wake wa kwanza ndani ya muamala mmoja (transaction: amri zinazokubaliwa zote au kubatilishwa zote), ili kimoja kikishindikana kingine kisibaki kikining'inia. Mfano ni wa PostgreSQL:

```
BEGIN;
INSERT INTO wanachama (jina, kadi)
VALUES ('Neema', 'K-043') RETURNING id;
-- tuseme imerudi 43
INSERT INTO michango (mwanachama_id, kiasi, tarehe)
VALUES (43, 500, CURRENT_DATE);
COMMIT;
```

PostgreSQL inaweza kuyafanya yote mawili kwa amri moja, bila namba kupitia mikononi mwako hata kidogo:

```
WITH mpya AS (
  INSERT INTO wanachama (jina, kadi)
  VALUES ('Idi', 'K-044') RETURNING id
)
INSERT INTO michango (mwanachama_id, kiasi, tarehe)
SELECT id, 500, CURRENT_DATE FROM mpya;
```

Hii naipenda sana. Hakuna pa kukosea namba kwa sababu hukuigusa.

Hatua ya 6: Jaribu kutengeneza pengo, kisha liache

Kwenye PostgreSQL au MySQL, andika:

```
BEGIN;
INSERT INTO wanachama (jina, kadi) VALUES ('Jaribio', 'K-999');
ROLLBACK;
INSERT INTO wanachama (jina, kadi) VALUES ('Zuhura', 'K-045');
```

Mtazame Zuhura: namba moja imerukwa. Ni kama tikiti za foleni. Ukishachomoa yako ukaondoka, anayekuja nyuma anachomoa inayofuata, hapewi ile uliyoitupa. Kihesabio kimewekwa nje ya muamala kwa makusudi, maana kingekuwa ndani, kila anayeingiza rekodi angelazimika kumsubiri aliyemtangulia amalize ndipo ajue kama namba imetumika. SQLite haitakuonyesha pengo kwenye jaribio hili, kwa kuwa inaruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja na hesabu yake hurudi nyuma pamoja na muamala.

Mapengo yana vyanzo vingine. INSERT iliyogonga sharti la UNIQUE huwa imeshakula namba. ON CONFLICT DO NOTHING ya PostgreSQL na ON DUPLICATE KEY UPDATE ya MySQL hula namba hata pale zisipoongeza rekodi. SQL Server, kuanzia toleo la 2012, hushika namba za INT kwa mafungu ya 1000 kwenye kumbukumbu, na seva ikizimika ghafla fungu lililobaki linapotea, ndiyo maana unaona kutoka 37 hadi 1002 au kitu cha namna hiyo. Hakuna kilichoharibika katika haya yote.

Onyo: usizipange upya namba ili mapengo yaishe. Naelewa jicho linavyokereka. Lakini namba 12 imeshaandikwa kwenye michango, kwenye viungo watu walivyohifadhi, kwenye ripoti zilizotumwa, kwenye nakala rudufu za mwezi uliopita. Ukimpa Zuhura namba ya Juma, kila kimojawapo cha hivyo kinaanza kusema uongo.

Ukitaka kujua idadi, uliza `COUNT(*)`. Ukitaka kupanga kwa wakati, weka safu ya wakati. Namba kubwa haimaanishi rekodi ilikamilika baadaye: muamala uliochukua 50 unaweza kukubaliwa baada ya ule uliochukua 51. Kama una programu inayosoma kila dakika "rekodi zote zenye id zaidi ya ile niliyoona mwisho", itaona 51, itasogeza alama yake, na 50 itakapotokea haitasomwa tena. Kosa hili ni gumu kulinasa, hivyo ni bora ulijue mapema. Namna salama kwa kazi kama hiyo ni kuweka alama kwenye rekodi yenyewe kwamba imeshashughulikiwa.

Zipo namba ambazo kwa haki zinatakiwa zifuatane bila pengo, kama za risiti au ankara. Hizo zitengenezee kihesabio chako ndani ya jedwali la kawaida (mfano ni wa PostgreSQL):

```
UPDATE vihesabio SET namba = namba + 1
WHERE jina = 'risiti' RETURNING namba;
```

Amri hiyo iwe ndani ya muamala uleule unaoandika risiti. Ukibatilishwa, namba inarudi nayo. Gharama yake ni kwamba wanaotoa risiti kwa wakati mmoja watapanga foleni, kwa hiyo itumie pale tu sheria au mhasibu anapodai.

Hatua ya 7: Kuhamisha data ya zamani pamoja na namba zake

Hapa pekee ndipo unaruhusiwa kuandika `id` kwa mkono, kwa sababu michango ya zamani inazitaja namba za zamani. Anza na wanachama, kisha michango.

Kwenye PostgreSQL, ALWAYS itakukatalia mpaka uombe rasmi:

```
INSERT INTO wanachama (id, jina, kadi)
OVERRIDING SYSTEM VALUE
VALUES (118, 'Hamisi', 'K-118');
```

Amri ya COPY haihitaji maneno hayo. Inachukua namba zilizomo kwenye faili. Njia yoyote uliyotumia, kihesabio hakijui kilichotokea. Bado kiko pale kilipokuwa. Kisogeze:

```
SELECT setval(pg_get_serial_sequence('wanachama', 'id'),
              (SELECT MAX(id) FROM wanachama));
```

Rudia kwa `michango`. Hapa MAX ni sahihi kwa kuwa hakuna mwingine anayeandika wakati wa uhamisho, na kama yupo, msimamishe kwanza.

MySQL na SQLite husogeza kihesabio zenyewe zikiona namba kubwa. SQL Server inataka `SET IDENTITY_INSERT wanachama ON;` kabla na `OFF` ukimaliza, jedwali moja moja.

Hatua ya 8: Amua kama namba itaonekana nje

Ukiweka `/wanachama/43` kwenye anwani ya ukurasa, mtu yeyote atajaribu 44. Tiba ya kwanza ni programu kukagua kila mara kama huyu anayeomba ana ruhusa ya kuona rekodi hiyo. Namba ngumu kukisia haichukui nafasi ya ukaguzi huo.

Hata hivyo hupendi kila mtu ajue una wanachama wangapi. Ushauri wangu: ndani baki na BIGINT, nje tumia UUID (kitambulisho kirefu kisichojirudia) kwenye safu ya pili yenye UNIQUE.

```
ALTER TABLE wanachama
ADD COLUMN kitambulisho UUID NOT NULL DEFAULT gen_random_uuid() UNIQUE;
```

Amri hiyo ni ya PostgreSQL 13 na kuendelea. UUID ina biti 128, yaani baiti 16, na ikiandikwa kama maandishi ni herufi 36. Kwenye MySQL ihifadhi kwa BINARY(16) ukitumia `UUID_TO_BIN()`, usiiweke kwenye VARCHAR.

UUID inafaa kuwa ufunguo msingi wenyewe pale rekodi zinapozaliwa kwenye vifaa vingi visivyo na mtandao, kisha zikakutanishwa baadaye. Ukifika huko, chagua toleo la 7 la UUID, lililowekwa kwenye hati ya viwango RFC 9562 ya mwaka 2024. Linaanza na wakati, hivyo rekodi mpya zinakaa pamoja kwenye faharasa, tofauti na toleo la 4 ambalo ni la bahati nasibu tupu na hutawanya rekodi mpya faharasa nzima. PostgreSQL 18 ina `uuidv7()` ndani yake.

Mambo yakigoma

`duplicate key value violates unique constraint "wanachama_pkey"`
Soma jina la mwisho kwa makini. Likiwa `wanachama_pkey`, kihesabio kiko nyuma ya data: rudi hatua ya 7, fanya setval. Likiwa `wanachama_kadi_key`, ufunguo hauna kosa, ni kadi iliyojirudia.

`cannot insert a non-DEFAULT value into column "id"`
Umeandika `id` kwenye INSERT. Itoe. Mara nyingi ni maktaba ya programu inayotuma NULL au 0, basi iambie kwenye mipangilio yake kwamba safu hiyo inajazwa na hifadhidata.

`permission denied for sequence wanachama_id_seq`
Jedwali lilijengwa kwa SERIAL, na mtumiaji amepewa ruhusa ya jedwali bila ya kihesabio chake. Andika `GRANT USAGE ON SEQUENCE wanachama_id_seq TO jina_la_mtumiaji;`

`Field 'id' doesn't have a default value`
MySQL, na umesahau AUTO_INCREMENT. Rekebisha: `ALTER TABLE wanachama MODIFY id BIGINT NOT NULL AUTO_INCREMENT;` Kwa PostgreSQL kosa kama hilo husema `null value in column "id"`, na dawa yake ni `ALTER TABLE wanachama ALTER COLUMN id ADD GENERATED ALWAYS AS IDENTITY;` ikifuatiwa na setval kama jedwali lina data.

`there can be only one auto column and it must be defined as a key`
Una AUTO_INCREMENT mbili, au umesahau PRIMARY KEY.

LAST_INSERT_ID() inarudisha 0
Muunganisho huo haujaingiza chochote. Umeulizia kwenye muunganisho mwingine.

Namba ya rekodi iliyofutwa imerudi baada ya kuwasha seva upya
Uko kwenye MySQL ya kabla ya 8.0. Zamani InnoDB (sehemu ya MySQL inayohifadhi data) ilitunza kihesabio kwenye kumbukumbu tu, na seva ikiwaka ilihesabu upya kutoka kwenye namba kubwa iliyobaki. Panda toleo.

Nimefuta rekodi zote lakini haianzi na 1
Kwenye PostgreSQL na MySQL, DELETE haigusi kihesabio. Kwenye hifadhidata ya majaribio tumia `TRUNCATE TABLE michango;` na kwa PostgreSQL ongeza `RESTART IDENTITY`. Kwenye data ya kweli, iache iendelee ilipofika.

`Duplicate entry '2147483647' for key` kwenye MySQL, au `nextval: reached maximum value of sequence` kwenye PostgreSQL
Namba za INT zimekwisha. (Ukiona `'127'`, mtu aliweka TINYINT.) Badilisha safu iwe BIGINT, na kila safu inayoitaja kwenye majedwali mengine. Kama ni SERIAL ya PostgreSQL, kihesabio nacho kinabadilishwa: `ALTER SEQUENCE wanachama_id_seq AS BIGINT;` Jedwali kubwa hufungwa wakati linaandikwa upya, kwa hiyo panga muda, chukua nakala rudufu, na ujaribu kwanza kwenye nakala. Ukiwa umerithi mfumo wenye INT, pitia leo majedwali yake makubwa kwa `SELECT MAX(id)` moja moja; lililovuka bilioni moja na nusu lianze kushughulikiwa kabla halijakuchagulia siku.